Wageni Kutoka Anga za Mbali (2): Mtoto Asiyevishwa Kofia

Katika sehemu ya kwanza tulimwangalia H. G. Wells na riwaya yake The War of the Worlds ya mwaka 1898. Wavamizi wake walitoka Mirihi, wakaunda mashine zenye miguu mitatu, wakaichoma Uingereza kwa miale ya joto, kisha wakafyekwa na vijidudu vya maradhi. Leo tunaifungua upya riwaya ya watoto iliyoazima mashine hizo na kuuliza swali gumu zaidi: kama wageni wangeshinda, wajukuu wa walioshindwa wangeishije?

Riwaya hiyo ni The White Mountains, iliyotoka mwaka 1967. Mwandishi wake ni Mwingereza Samuel Youd (1922–2012), aliyetumia jina la John Christopher. Ilifuatiwa na The City of Gold and Lead mwaka huohuo, na The Pool of Fire mwaka 1968.

Anayetazamia vita katika kurasa za mwanzo hatavipata. Atakuta kijiji tulivu cha Uingereza, watu wakilima na kusafiri kwa farasi, miji mikubwa ya zamani ikiwa magofu. Kijana anapotimiza miaka 14, mashine ya miguu mitatu huja, humnyanyua kwa mkono wake mrefu hadi ndani, na kumrudisha akiwa amenyolewa, wavu wa chuma umegandishwa kichwani. Hiyo ndiyo kofia. Kuanzia hapo huhesabiwa mtu mzima, na kijiji hufanya sherehe.

Will Parker ana miaka 13. Binamu yake Jack, aliyekuwa na maswali kuhusu kofia, anavishwa na kurudi akiwa mtu mwema, mchapakazi, asiye na swali hata moja. Ndipo Will anapoogopa. Anakutana na mtu anayejifanya mwendawazimu mzururaji, aitwaye Ozymandias, anayemweleza kuwa huko kusini, kwenye milima ya Alps, wapo watu walio huru. Will anatoroka pamoja na binamu yake mwingine, Henry, na huko Ufaransa wanaungana na Jean-Paul.

Sura zinazoumiza kuliko zote zinahusu Eloise, binti wa ngome moja ya Ufaransa. Familia yake inamuuguza Will kwa upendo, naye Will anashawishika kubaki. Kisha Eloise anachaguliwa kwenda kuwatumikia wenye mashine mjini kwao, na anaipokea habari hiyo kwa furaha tupu. Katika kitabu cha pili Will anamkuta huko amekufa, mwili umehifadhiwa kama kipepeo wa maonyesho, ili wageni wautazame uzuri wake.

Hapa ndipo ninapoona ukubwa wa Christopher. Katika sura ya kwanza ya kitabu chake, Wells aliwakumbusha Waingereza jinsi watu wa Tasmania walivyoangamizwa na walowezi wa Kizungu. Alionyesha ubeberu unaoua mwili. Christopher alionyesha ule unaobaki baada ya bunduki kunyamaza, mtawaliwa anapomshukuru mtawala. Ngũgĩ wa Thiong'o alilichambua jambo hilohilo katika Decolonising the Mind, mwaka 1986, akitumia ushahidi wa shule za Kenya ya kikoloni. Msomaji wetu hahitaji kufika Alps ili kuielewa kofia.

Ndiyo maana kisa hiki hakingeweza kusimuliwa na mtu mzima. Wazazi wa Will wanampenda, lakini hawana tena uwezo wa kushuku. Mwenye macho ni mtoto, na muda wake ni mfupi. Christopher anamheshimu msomaji mdogo kwa kumwambia wazi kwamba uhuru una gharama, na kwamba utumwa unaweza kuwa na mlo mzuri na usingizi mnono.

Kasoro ipo. Wasichana ni haba mno, na Eloise anayekumbukwa tayari ana kofia. Anayetaka kuandika riwaya ya aina hii kwa Kiswahili, na tunaihitaji, ampe msichana nafasi ya kukataa.

Wiki ijayo tutakitazama kitabu cha tatu: wageni wanashindwa, kisha mataifa yaliyokombolewa yanaanza kugombana yenyewe kwa yenyewe.