Fizi na Baraka: Mkono wa mkulima mbele ya mashine

Ukipita sokoni Baraka asubuhi, angalia mikono ya watu. Mama anayeuza mawese ana vidole vyekundu ambavyo sabuni imeshindwa. Mvuvi aliyetoka ziwani Tanganyika na ndagala ana makovu ya kamba ya wavu. Mkulima wa sekta ya Mutambala, aliyeshika jembe tangu utoto, ngozi yake imekuwa ngumu kama gome la mti, na ile mistari midogo ya vidole imesuguliwa hata haionekani tena.

Mikono ya namna hiyo ndiyo inasumbua mashine za kusoma vidole. Na kwa mkaaji wa Fizi, mashine ikikataa mkono wake, shida si ndogo.

Sababu yenyewe ni ya zamani. Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, watu walihesabiwa mara ya mwisho mwaka 1984. Kitambulisho cha taifa hakijafika mikononi mwa raia wa kawaida. Kwa hiyo karte ya uchaguzi inayotolewa na CENI ndiyo inafanya kazi ya kitambulisho kwa muda: unaionyesha kwenye barieri, unaionyesha ukienda kununua laini ya simu, na ukitaka kupokea pesa uliyotumiwa na ndugu. Asiyekuwa nayo kwenye barabara ya Uvira anajua gharama yake.

Kuandikisha wapiga kura kwa uchaguzi wa tarehe 20 Desemba 2023 kulianza Kivu ya Kusini mwezi wa pili mwaka huo. Nchi nzima walijiandikisha watu karibu milioni 44. Kila mmoja alipigwa picha na kuwekwa vidole kwenye kioo kidogo cha mashine. Miezi michache baadaye watu wengi waliona wino wa karte zao unafutika, picha inabaki kama kivuli, na CENI ikabidi itoe duplikata. Karatasi imefutika, lakini alama za vidole zimebaki ndani ya kompyuta. Ndiyo maana ni muhimu zisomwe vizuri siku ya kwanza.

Mashine haitazami kidole kama jicho letu linavyotazama. Inatafuta sehemu ambapo mstari unakatika na sehemu ambapo unagawanyika mara mbili, halafu inapima umbali kati ya sehemu hizo. Ngozi ikiwa imelika, imepasuka kwa ukavu, au imefunikwa na mafuta, inakosa cha kupima. Wazee nao wanapata taabu, kwa sababu ngozi inapoteza unene wake na miaka.

Hapo ndipo kiganja kinapoingia. Si jambo geni kabisa. Mwaka 1858, kule Bengali nchini India, afisa Mwingereza William Herschel alimwambia mfanyabiashara Rajyadhar Konai apake wino kiganja kizima na kukigandamiza nyuma ya mkataba wa mawe ya barabara, ili kesho asiukane. Biashara ya vidole ilifuata nyuma. Leo polisi wa Marekani, FBI, wana hazina ya alama za viganja tangu 2013, maana mwizi anayeegemea dirisha anaweza kuacha kiganja, si kidole tu.

Lakini kwa mkulima wetu, kinachovutia zaidi ni mashine ya mishipa. Inamulika kiganja kwa mwanga ambao jicho halioni. Damu inayorudi kuelekea moyoni, iliyokwisha kuacha oksijeni, inanyonya mwanga huo, na mishipa inatokea kwenye picha kama mito myeusi kwenye ramani. Kampuni ya Fujitsu ya Japani ilianza kuuza teknolojia hiyo miaka ya 2000, na benki za Japani zikaiweka kwenye mashine za kutoa pesa. Mwaka 2023, Beijing, abiria wa treni ya uwanja wa ndege wa Daxing walianza kulipa nauli kwa kuonyesha kiganja tu. Jembe linalika ngozi ya juu. Mishipa iko chini yake, jembe haliifikii.

Kuna watu watakaouliza: basi mashine hiyo inaweza kusoma bahati? Kwenye simu kuna programu nyingi zinazoomba upige picha ya kiganja zikuambie utaoa lini na utatajirika lini. Mikunjo mikubwa ya kiganja inajitengeneza mtoto akiwa bado tumboni, kabla mimba haijafika miezi minne. Daktari anaweza kuiangalia: mkunjo mmoja tu unaokata kiganja kizima unaonekana mara nyingi zaidi kwa watoto wenye ugonjwa wa Down, ingawa watu wengi wazima wa afya wanao pia. Ndoa na pesa hazimo. Kilicho hakika ni kwamba umewapa watu usiowajua picha ya kiganja chako.

Na hilo ndilo wanaoishi kwenye kambi wanalielewa kuliko sisi. Pale Lusenda, katika sekta ya Tanganyika, ambapo wakimbizi wa Burundi walianza kupokelewa mwaka 2015, jina la mkimbizi peke yake halitoshi. Mfumo ambao UNHCR inatumia katika nchi nyingi unachukua vidole kumi na mboni za macho mawili, kuanzia watoto wa miaka mitano. Ng'ambo ya ziwa, Nyarugusu nchini Tanzania, maelfu ya watu wa Fizi waliokimbia tangu 1996 wameandikishwa na UNHCR pia. Mboni ya jicho inaokoa wenye vidole vilivyolika. Lakini neno la siri la simu likiibiwa unalibadilisha. Kiganja au jicho utabadilisha na nini? Katika eneo ambalo makundi yenye silaha yanabadilishana vijiji, orodha ya nani ni nani ikianguka mikononi mwa mtu mbaya si kitu cha kuchezea.

Sheria ipo. Kanuni ya dijitali ya Congo, iliyotiwa sahihi tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi, na alama za mwili ni kati yake. Kwa hiyo mbele ya meza yoyote, ya serikali au ya shirika, una haki ya kuuliza: vidole hivi vinakwenda wapi, na nani atavitazama? Wengi wetu tunaona aibu kuuliza, kwa sababu mstari nyuma yetu ni mrefu na jua ni kali.

Kwa sasa mashine za mishipa bado ni ghali, na huku vidole ndivyo vinaombwa. Siku ya kujiandikisha, nawa mikono kwa sabuni, toa mawese yote, kausha kwa kikwembe safi. Ngozi ikiwa imekauka sana, paka mafuta kidogo usiku wa kuamkia, si asubuhi hiyo. Kidole gumba kikikataa, omba wajaribu kingine. Na ukipewa karte, piga picha pande zote mbili siku hiyohiyo, kabla wino haujaanza safari yake.