Nani Mwenye Amri Juu ya Jino la Mgonjwa?

Tabibu wa kikosi hupewa na mkuu wake gari, hema, dawa na wasaidizi. Lakini mkuu huyo, hata awe na nyota nyingi begani, hampangii tabibu idadi ya miguu ya kukatwa kila mwezi. Mpaka huo ndio uliovukwa nchini Marekani katika matibabu ya meno.

Katika majimbo mengi ya nchi hiyo, sheria hairuhusu kliniki ya meno kumilikiwa na mtu asiyekuwa daktari wa meno mwenye leseni. Kwa hiyo makampuni hufunga mikataba ya kuendesha kliniki kwa niaba ya madaktari. Katika jambo hilo peke yake hapana uovu. Kampuni hununua viti na mashine, huweka hesabu na kulipa mishahara, naye daktari akabaki na kazi aliyosomea. Zipo kampuni zilizopeleka huduma kwa watoto wa maskini ambao madaktari wengi waliwakataa kwa sababu malipo ya serikali ni madogo.

Uovu huingia pale kampuni inaposhika pia kalamu ya daktari. Mfano ulio wazi ni kliniki zilizoitwa Small Smiles, ambazo wagonjwa wake walikuwa watoto waliotibiwa kwa fedha za Medicaid, yaani mpango wa serikali wa kuwagharimia maskini. Serikali ya Marekani ilidai kwamba watoto hao walitolewa viini vya meno, wakavishwa vifuniko vya chuma na kung'olewa meno pasipo haja. Mtoto mdogo atajuaje kwamba jino lake lilikuwa zima? Mzazi naye alimwamini mwenye koti jeupe, na huyo mwenye koti alikuwa akitazamwa na mwenye daftari la mapato.

Januari 2010 kampuni iliyoziendesha, FORBA, ilikubali kulipa dola milioni 24 ili kuyamaliza madai hayo, na ikatia sahihi mapatano ya kujirekebisha chini ya uangalizi wa serikali. Mwaka 2012 ilifilisika, ikaendelea chini ya wenye mali wapya kwa jina la CSHM. Mwaka 2013 ripoti iliyotolewa katika Baraza la Senati ilieleza kwamba daktari aliyeandikwa kuwa mwenye kliniki alikuwa mwenyewe kwa jina tu. Mwenye kliniki hasa ilikuwa kampuni.

Mapatano yale hayakutimizwa. Mwaka 2014 serikali iliipiga kampuni hiyo marufuku kupokea fedha za Medicaid kwa muda wa miaka mitano.