Jua, Kofia na Picha ya Askari

Askari wengi, wa jeshi na wa polisi, hupigwa picha saa sita mchana, gwaride likiisha. Hapa karibu na ikweta jua huwa utosini; ukingo wa kofia huyatia macho kivuli, na mama nyumbani hupokea picha ya mwanawe asiye na uso. Twashauri saa moja na nusu asubuhi, au saa kumi na moja jioni.

Mbale, genge la Wanale liko mashariki ya mji: asubuhi ni giza, jioni jua hulipiga usoni. Jinja, ukingo wa mashariki wa Mto Nile, jua hutua ng'ambo; mvuvi na mtumbwi wake huwa weusi juu ya maji ya dhahabu. Bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, liacheni: walinzi wake ni wenzetu.