Kioo cha Kompyuta Kikiingia Giza

Vyama vingi vya ushirika siku hizi huweka hesabu za maziwa katika kompyuta. Kioo kikiingia giza karibu na siku ya malipo, wakulima hudhani hesabu zao zimepotea. Sivyo. Hesabu hukaa ndani ya mashine. Kioo ni cha kuzitazamia tu.

Basi, msikubali upesi kununua kompyuta nyingine. Kwanza tazameni kama taa ndogo ya mashine inawaka. Kama haiwaki, shida ni umeme. Ikiwa inawaka, tieni giza chumbani, mkimulike kioo kwa tochi kutoka upande. Mkiona maandishi hafifu, picha ipo. Taa ya nyuma ya kioo ndiyo iliyokufa.

Hapo azimeni televisheni yenye tundu la HDMI kama lile la kompyuta. Ungeni waya, chagueni HDMI kwa rimoti, kisha shikeni kitufe cha Windows na kubonyeza herufi P. Picha isipokuja, rudieni mkibonyeza P mara mbili, halafu Enter.

Mashine za zamani zina tundu la VGA, lenye vitundu 15 katika safu 3. Kazeni skrubu zake mbili. Waya uliolegea huharibu rangi, na watu wamelaumu televisheni nzima bure.

Hesabu zikionekana, zinakilini katika flashi siku hiyo hiyo, kabla fundi hajaigusa mashine. Televisheni nayo ikibaki giza, kosa huenda liko ndani zaidi. Mwambieni fundi asifute kitu chochote.