Ufuko Hauna Mlango, Una Mwenyeji

Mvuvi wa Kojani anayevuka kutoka Pemba kuja kuvua upande wa Bagamoyo hapangi chumba. Anapiga dago. Anachagua mahali palipo juu ya alama ya maji ya bamvua, anasimika fito, anatandaza turubai au tanga kuukuu, anajenga chanja ya kukaushia samaki, anapanga mafiga matatu, na hapo panakuwa kwake mpaka upepo ugeuke au samaki wahame. Madago ya namna hiyo yako Saadani, Mafia, Songosongo na hata pwani ya Kenya, na Wakojani wanajulikana kote huko kuliko wanasiasa wengi. Hakuna kodi ya pango, hakuna risiti ya kitanda. Siku hizi mtu wa mjini akienda na hema lake kulala ufukweni mbali na hoteli, magazeti humsifu kama aliyegundua starehe mpya. Mvuvi haitwi mgunduzi, na mara nyingi huitwa mvamizi. Hata hivyo, anayetaka kujua kama kulala porini bure kunawezekana katika nchi hii, na kwa masharti gani, hana mwalimu mzuri kuliko dago.

Swali lenyewe limekuwa la haraka kwa sababu ya barabara. Njia ya Tanga, Pangani, Saadani, Makurunge hadi Bagamoyo, kilomita 246, imekuwa ikijengwa kwa awamu, na kila kipande kinachokamilika kinasogeza fukwe zilizokuwa za mbali karibu na mkazi wa Dar es Salaam mwenye gari na mapumziko ya siku mbili. Fukwe hizo zilikuwa zikilindwa na matope ya masika na ubovu wa njia. Ulinzi huo unakwisha. Litakalofuata ni moja kati ya matatu: kila kipande kizungushiwe ua na anayekimiliki, kila mtu alale popote atakavyo, au tuutambue utaratibu ambao pwani ilikuwa nao tangu zamani. Mimi niko upande wa hili la tatu, ingawa najua lina wapinzani wenye hoja.

Wanaopenda kambi za bure hupenda kutaja magharibi ya Marekani. Huko, ofisi ya shirikisho iitwayo Bureau of Land Management inasimamia hekta zipatazo milioni 99, eneo linaloizidi Tanzania nzima kwa ukubwa, na sehemu kubwa yake ni nyika kame na majangwa ambako mtu anaweza kulala bila kulipa. Sifa hiyo ni ya kweli, lakini husimuliwa nusu. Kwa kawaida huruhusiwi kukaa mahali pamoja zaidi ya siku 14 ndani ya siku 28. Unaelekezwa ukae umbali wa mita 60 hivi kutoka kwenye maji ili wanyama wapate kunywa, uchimbe shimo la choo la sentimita 15 hadi 20, na uondoke na taka zako zote. Katika nyika ya Bisti/De-Na-Zin, jimbo la New Mexico, penye vilima vya udongo vilivyochongwa na mvua na upepo hadi vikawa kama nguzo na uyoga, hakuna maji, hakuna njia zilizowekewa alama, na kuwasha moto ni marufuku. Na ukikosea mpaka unaingia katika ardhi ya Wanavajo, ambao walikuwapo kabla ofisi hiyo haijazaliwa. Kwa hiyo hata huko, mahali panapoonekana kwenye picha kama mwisho wa dunia, bure imezungukwa na masharti, na uwanda mtupu una wenyewe. Siku 14 ni namna yao ya kusema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wao tu ni wakarimu zaidi kwa hesabu.

Bagamoyo haihitaji kwenda New Mexico kujifunza hayo. Katika karne ya 19 mji huu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200, na wapagazi kwa maelfu, wengi wao Wanyamwezi, walikuwa wakiweka kambi pembezoni mwa mji wakisubiri mizigo ya kurudi nayo bara. Njiani nako walilala porini. Richard Burton, aliyeondokea Kaole mwaka 1857 pamoja na John Speke, alieleza kwa kirefu kambi hizo katika kitabu chake cha mwaka 1860: vibanda vya nyasi na matawi, uzio wa miiba kuzuia wanyama na wezi, na desturi ya msafara mmoja kuvikuta na kuvitumia vibanda vilivyoachwa na mwingine. Palipokuwa pakame, kama ile nyika ya Marenga Mkali kabla ya Ugogo, msafara ulikwenda mwendo wa tirikeza: ukaondoka mchana na maji ya kubeba, ukatembea hadi usiku, ukalala bila kisima, ukafika kwenye maji kesho yake. Na Ugogo penyewe watemi walitoza hongo, ushuru ambao wasafiri wa Kizungu waliulalamikia kurasa nzima, kana kwamba maji ya nchi kame yalijichimba yenyewe. Ukiyasoma malalamiko hayo kwa makini unaona kanuni iliyo wazi. Pa kulala palikuwa pengi na hapakuwa na bei. Kilichokuwa na bei ni maji, chakula, na idhini ya mwenye nchi, ajue kwamba umepita kwa heri.

Dago linafuata kanuni hiyo hiyo hadi leo. Mvuvi mgeni hashuki tu na kusimika fito. Anajitambulisha kwa uongozi wa kijiji, mara nyingi akiwa na barua ya sheha au ya mwenyekiti wa alikotoka, na siku hizi anapita pia kwa kikundi cha usimamizi wa ufuko, kile ambacho kila mvuvi anakiita BMU, kinachofanya kazi chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Analipa leseni, analipa ushuru wa samaki anaoshusha, ananunua maji na kuni, anakula kwa mama ntilie. Haulipii mchanga. Akikosa, kuna mtu wa kumuuliza, na nyuma yake kuna mtu mwingine Pemba aliyetia sahihi barua. Udhamini huo ndio nguzo ya mambo yote, na ndio unaokosekana kwa kijana wa mjini anayefika saa mbili usiku na spika kubwa ndani ya gari.

Sheria za ardhi, kwa bahati njema, hazipingani na desturi hii. Kwa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania Bara ni ya umma, mdhamini wake ni Rais, na imegawanywa katika makundi matatu: ya jumla, ya vijiji na ya hifadhi. Hakuna kundi la nne la ardhi isiyo na mtu. Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji kwa niaba ya mkutano mkuu. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Hema na turubai si vitu vya kudumu; ukuta wa hoteli ni wa kudumu. Ajabu ni kwamba ukitembea kwenye fukwe za kaskazini ya Dar es Salaam ni rahisi zaidi kukutana na ukuta ndani ya mita hizo kuliko kukutana na mvuvi aliyeruhusiwa kulala hapo kwa amani.

Pingamizi la kwanza ni la wanyama, nalo ni zito. Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005 kwa kuunganisha pori la akiba la Saadani, iliyokuwa ranchi ya Mkwaja na msitu wa Zaraninge, ina simba, tembo na nyati, na wengine hushuka hadi ufukweni. Mto Wami una viboko na mamba. Katika ufuko wa Madete kasa wa kijani hutaga usiku, na vifaranga wao huifuata nuru wakitafuta bahari, kwa hiyo moto mmoja wa kambi unaweza kuwapeleka nchi kavu wakafe. Ndani ya hifadhi, basi, nakubaliana na TANAPA bila kusitasita: mgeni alale kwenye kambi iliyotengwa, alipe, na asikilize askari. Hoja yangu inahusu nje ya mpaka, na huko nako hatari zipo ila anayezijua ni mwenyeji. Nyuma ya mikoko ya delta za Wami na Ruvu kuna viwanja vyeupe vya chumvi, vikavu, vimepasuka, havioti kitu. Mgeni akiviona mwezi wa Januari atasema hapa ndipo jangwa letu, pana, kimya, hapana mtu. Kumbe pana wavuna chumvi, pana njia za wafugaji, pana kiboko anayepita usiku kwenda malishoni, na bamvua likija maji huingia hadi hapo bila kubisha hodi. Tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani hii wakati wa bamvua hufikia mita 3 na zaidi. Mzee wa kijiji anayekuonyesha pa kulala anakupa kitu ambacho programu ya simu haina.

Pingamizi la pili linatoka kwa wanavijiji wenyewe na kwa maofisa wa afya: dago ni uchafu. Hakuna vyoo, watu ni wengi, samaki wanaoza, na mvua ikinyesha kipindupindu kiko mlangoni. Huongezwa hapo kwamba wavuvi wageni huja na nyavu haramu na baruti, na kwamba watoto huacha shule wakafuata fedha ya haraka ya dagaa. Sehemu kubwa ya haya ni kweli, na anayelitetea dago kwa kuyakana hasaidii. Lakini tuulize kila kosa linatokana na nini. Choo hakipo kwa sababu mahali hapo hapatambuliwi kwenye mpango wowote, na halmashauri haichimbi choo mahali ambapo kwenye karatasi hapana watu. Mpiga baruti hafiki na barua ya sheha; anakimbia kutambuliwa, na dago lililosajiliwa ni adui yake kuliko doria inayopita mara moja kwa mwezi. Kuhusu idadi, kijiji kina haki ya kusema imetosha. Vijiji vingi vya pwani vimewahi kugombana na wavuvi wageni juu ya nyavu za mtando, vingine vikawakatalia kabisa, na kukataa huko ni sehemu ya utaratibu ninaousema. Mwenyeji asiyeweza kukataa si mwenyeji.

Lipo la tatu, la mapato. Kwa nini kijiji maskini kitoe bure kitu ambacho mtalii yuko tayari kulipia? Kule Marafa, karibu na Malindi, kwenye korongo la Nyari lenye kuta za udongo mwekundu na mweupe zinazofanana kabisa na nyika ya New Mexico, wenyeji hutoza kiingilio, na wanafanya vyema. Jibu langu ni kwamba wageni wenyewe hawafanani. Anayekuja kutazama alipe kutazama. Anayetaka kiongozi, maji, mtumbwi au kitoweo alipe hivyo, na bei ya samaki wa jioni pekee inaweza kuzidi ada yoyote ya uwanja. Ukianza kutoza mchanga wenyewe, wa kwanza kuondoka ni mvuvi, na nafasi yake atachukua yule mwenye uwezo wa kuukodi kwa miaka 33. Kijiji kitakuwa kimepata ada ya mwaka mmoja na kupoteza ufuko.

Kuna jambo linalofanya suala hili lisiwe la starehe tu. Mahali pasipoandikwa hupotea. Mgogoro wa mpaka kati ya hifadhi na wakazi wa Uvinje, kitongoji cha Saadani, umedumu miaka mingi, na kiini chake ni ramani: nani alionekana yupo ilipochorwa, nani hakuonekana. Dago liko hatarini zaidi kuliko kitongoji, maana watu wake huondoka. Mpimaji akifika wakati wa upepo mkali wa kusi anaweza kukuta majivu na fito chache, akaandika kwamba ardhi haina matumizi, na tafsiri ya ardhi ya jumla katika Sheria ya Ardhi inataja hata ardhi ya kijiji isiyotumika. Mwaka unaofuata wavuvi wanarudi na kukuta bango.

Dawa yake haihitaji sheria mpya. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kutenga maeneo, na kama panatengwa malisho ya ng'ombe wanaohama, panaweza kutengwa ufuko wa watu wanaohama. Pawekwe choo na kisima, BMU iweke daftari la wageni na ukomo wa siku, moto uwe mahali pamoja na kuni zisitoke kwenye mikoko, ambayo ni msitu wa hifadhi kisheria. Msafiri wa ndani mwenye hema lake aruhusiwe hapo hapo kwa masharti yale yale ya mvuvi. Halmashauri za vijiji kuanzia Bagamoyo hadi Pangani ambazo hazijayaweka madago yao kwenye mipango hiyo ziyaweke sasa, wavuvi wenyewe wakiwa mkutanoni, kabla lami haijafika na kabla mwekezaji hajaleta ramani yake.