Butembo: Unataka kubadilisha redio ya gari? Angalia waya kabla ya kuangalia kioo

Ilikuwa siku ya kwanza ya juma, karibu saa tatu ya usiku, katika mtaa mmoja wa komini ya Kimemi, mjini Butembo. Muke wa mdogo wangu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Pikipiki hazikuonekana tena barabarani. Mimi ndiye mwenye gari katika familia, kwa hiyo walikuja kugonga mlango wangu. Nikachukua ufunguo, nikatia kontakti. Gari haikusema kitu. Hata taa ya tablo haikuwaka.

Vijana wa jirani walitoka kusukuma. Wakasukuma mpaka jasho likawatoka, ndipo mzee mmoja akatuuliza kama gari ni ya vitesi otomatiki. Ndiyo, ni otomatiki. Akatuambia tuache, maana gari ya namna hiyo haiwake kwa kusukumwa. Jirani mwingine alileta gari yake na waya nene mbili, tukaunganisha batri kwa batri, motere ikawaka. Tulifika kwenye matunzo, na mtoto akazaliwa saa moja nyuma ya pale. Yeye na mama yake wako salama.

Kilichoua batri ni redio mpya niliyofungisha siku ya tano, kwa furaha nyingi. Tangu siku ile niliuliza mafundi na mashofa wengi, na nimeona kwamba kisa changu si cha peke yangu. Ndiyo sababu ya habari hii.

Kwa nini watu wanabadilisha redio

Magari mengi tunayoendesha huku mashariki yalitumika kwanza huko Japani. Yale ya Butembo na Beni yanashuka kwenye bandari ya Mombasa, yanapita Kampala, yanaingia Kongo kwa mpaka wa Kasindi. Usukani uko kuume, na maandiko ya redio ni ya Kijapani.

Lakini lugha si shida kubwa. Shida kubwa ni masafa. Huko Japani, FM ilikuwa tangu zamani kati ya 76 na 90 MHz. Walipozima televisheni ya zamani waliongeza mpaka 95. Huku kwetu, FM inaanza 87.5 na kufika 108. Redio ya Kijapani inakamata tu kipande kidogo cha mwanzo, na vituo vingine vyote iko kiziwi navyo. Kwa mfano, Radio Okapi ya Kinshasa iko kwenye 103.5. Posti ya Japani haiwezi kufika pale hata ukizungusha kutwa nzima.

Kwa mutu wa Kinshasa hiyo ni kukosa habari na muziki. Kwa shofa anayetoka Butembo kwenda Beni ama Kasindi ni jambo lingine. Redio ndiyo inamwambia kama njia imefungwa, kama daraja limekatika, kama kuna masasi mbele. Telefoni haikamati mutandao kila pahali katika njia ile. Redio ya gari huku si pambo.

Kuna sababu ya pili. Posti nyingi za Toyota zenye ramani zinajifunga zenyewe batri ikitolewa. Zinaomba kadi ya ramani ya mwanzo na namba ya siri. Ukibadilisha batri bila kujua jambo hilo, unabaki na kioo kinachoonyesha maandiko ya Kijapani tu, na hakuna sauti.

Kifaa kidogo ao posti mpya?

Mafundi wanatoa njia mbili. Ya kwanza ni kifaa kidogo kinachofungwa kati ya antena na posti ya zamani. Kazi yake ni kushusha masafa. Kama kinashusha 20 MHz, kituo cha 103.5 utakipata kwenye 83.5. Ni bei ndogo, na tablo ya gari haiguswe.

Lakini fanya hesabu kabla ya kununua. Posti yenye 76 mpaka 90, ukiongeza 20, inasikia 96 mpaka 108 yetu. Vituo vyote vilivyo chini ya 96 vinapotea. Ukichukua kifaa cha kushusha 12, utasikia 88 mpaka 102, na vya juu ndivyo vinapotea. Hakuna kifaa cha namna hii kinacholeta vituo vyote. Andika kwanza vituo unavyosikiliza kila siku, kisha chagua kifaa kinachovifikia.

Njia ya pili ni posti mpya. Hapo kipimo ndicho cha kwanza. Posti fupi ina upana wa milimita 180 na urefu wa 50. Posti kubwa, ile ya kioo, ina 180 kwa 100. Magari mengi ya Toyota yana shimo la milimita 200. Ukiweka ya 180, inabaki nafasi ya milimita 10 kila upande. Kuna vipande vya plastiki vya kuziba pale. Fundi asiyekuwa navyo anatia karatasi ngumu, na barabara yetu inafanya kazi yake: nyuma ya miezi miwili posti inacheza ndani kama jino la mtoto.

Usidanganyike na namba kubwa iliyoandikwa mbele. Posti nyingi zinasema wati 50 mara 4, ni kusema 200. Geuza posti, angalia fizibu ya nyuma. Kama ni ya ampea 10, na gari inatoa volti 14, basi umeme wote unaoweza kuingia ni wati 140. Haiwezi kutoa 200 kama inapokea 140, na sehemu kubwa ya hiyo inageuka moto. Kwa kweli, posti ya kawaida bila ampli inatoa karibu wati 20 kwa kila bafle. Hiyo inatosha kwa gari ndogo. Ukipandisha sauti mpaka muziki unakwaruza, unaunguza bafle bure.

Na kioo kikubwa je? Kinapendeza, na kamera ya nyuma inasaidia sana, zaidi kwetu sisi wenye usukani wa kuume katika nchi ya kuendesha kuume. Lakini kioo cha bei rahisi kinachelewa kuwaka, na katika jua la mchana hakionekane vizuri. Tena ukitaka kubadilisha kituo lazima uangalie kwa macho. Posti yenye kifundo cha kuzungusha, mkono unakipata wenyewe, macho yanabaki njiani kwenye pikipiki na watoto. Na video ya muziki mbele ya shofa anayeendesha, hiyo ni kutafuta ajali.

Waya ya manjano na waya nyekundu

Asubuhi ya kesho yake nilipeleka gari kwa fundi mwingine, mzee anayefanya umeme wa magari tangu miaka mingi. Sikumwita fundi, nilimwita papa, kama vijana wote wa pale.

— Papa, redio inaweza kumaliza batri nzima?

— Mwanangu, hii yako haijalala tangu walipoifunga.

Alinionyesha. Posti inapokea umeme kwa waya mbili. Ya manjano inatoka kwenye batri moja kwa moja, haizimike hata siku moja. Kazi yake ni kushika kumbukumbu: saa, vituo ulivyoweka. Nyekundu inapashwa kupata umeme wakati ufunguo umefunguliwa tu. Ndiyo inaiambia posti kuamka ao kulala. Nyeusi ni masi, inafungwa kwenye chuma cha gari.

Fundi wa kwanza alikata prizi ya Toyota kwa kisu. Hakupata waya ya ufunguo, basi akaunganisha manjano na nyekundu pamoja na kuzifunga kwa skochi. Posti ikaimba, nikalipa, tukaachana kwa furaha. Lakini hata nikizima gari na kioo kuwa cheusi, ndani posti ilibaki macho.

Papa alichomoa waya ya masi ya batri, akaweka testa katikati, gari ikiwa imezimwa na milango imefungwa. Ilionyesha ampea 0.6. Tukafanya hesabu pale pale. Tangu siku ya tano magharibi mpaka siku ya kwanza magharibi ni saa 72. Saa 72 mara 0.6 ni karibu 43. Batri yangu imeandikwa 45. Siku zile sikutoa gari. Hakukubaki kitu cha kuzungusha motere.

Alitenganisha waya, akatafuta ile ya ufunguo kwa testa, akapima tena: ampea 0.02. Kwa mwendo huo batri yenye afya inaweza kungoja zaidi ya mwezi mmoja. Gari iliyozimwa kabisa haipashwe kupita ampea 0.05. Kipimo hiki kinachukua dakika chache. Mwombe fundi akifanye mbele yako kabla hujalipa.

Mambo mengine aliyonifundisha, nayaandika hapa:

Usikubali fundi akate prizi ya gari. Kuna prizi ya kati, upande mmoja unaingia kwenye waya za Toyota, upande mwingine kwenye posti. Bei yake ni ndogo kuliko kukarabati waya zilizokatwa.

Waya ya manjano lazima ipite kwenye fizibu. Fizibu ikikatika, weka nyingine ya namba ile ile. Fundi akitia kipande cha waya pahali pa fizibu, gari inaweza kuwaka moto.

Bafle kila moja ina waya mbili zake. Nyeupe ni mbele kushoto, ya majivu mbele kuume, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kuume. Ile yenye mstari mweusi ni ya upande wa kutoa. Usiifunge kwenye masi, inaua posti.

Kama FM haishiki vizuri nyuma ya kubadilisha, uliza habari ya waya ya buluu. Magari mengine yana antena ndani ya kioo, na antena ile inahitaji umeme. Waya ya buluu ndiyo inaupeleka. Mafundi wengi wanaiacha inaning'inia.

Kuishi na redio mpya

Kuna jambo moja ambalo hakuna fundi aliyeniambia. Nililijua mwenyewe.

Nilikuwa nimebeba watu watatu kutoka Beni. Telefoni yangu ilikuwa imejiunga na posti kwa Bluetooth. Mutu mmoja anayenipatia habari, ambaye jina lake sitoe hata kwa wakubwa wangu kazini, akaniita. Jina lake likatokea kwenye kioo, kwa herufi kubwa. Nikabonyeza vibaya, sauti yake ikatoka kwenye bafle zote nne. Alisema salamu na neno moja tu kabla sijakata. Abiria walinyamaza. Mpaka leo sijui nani alisikia nini.

Si waandishi wa habari tu wanaopashwa kuogopa hilo. Mchuuzi anayeongea juu ya pesa, mgonjwa anayeitwa na muganga, mutu yeyote aliye kwenye barierе na dirisha limefunguliwa: sauti inatoka nje. Tangu siku ile nazima Bluetooth kila nikibeba abiria. Na kumbuka kwamba posti nyingi zinakopi majina na namba zote za telefoni yako. Siku ya kuuza gari, ama kuiacha garaji, futa kumbukumbu hiyo kwanza.

Mengine ni ya kila siku. Vumbi la njia yetu linaingia ndani ya tundu la flashi. Ziba tundu wakati hulitumii. Kama posti haisome flashi, mara nyingi si mbovu: nyingi za bei rahisi zinasoma tu flashi iliyopangwa kwa FAT32. Wakati wa kuwasha motere, zima posti kwanza. Na usipandishe sauti mpaka usisikie honi ya pikipiki inayokupita.

Gharama yangu yote ilikuwa posti, kazi ya fundi wa kwanza, kisha kazi ya papa ya kurekebisha. Kama ningeanza kwa papa, ningelipa mara moja. Duka linakuonyesha kioo na rangi za taa, lakini mambo yaliyonitia shida yalikuwa nyuma, pahali mnunuzi haangalii.

Mtoto aliyezaliwa usiku ule ni msichana. Baba yake anasema akikua atamwambia kwamba redio ya baba yake mkubwa ilitaka kumzalisha njiani. Familia inacheka. Mimi pia nacheka, lakini kila magharibi nikizima gari, nangoja kidogo na kuangalia kama kioo kimelala kweli.