Kioo cha chogo au flati kwenye kabati la gemu la zamani

Anayenunua kabati la Ms. Pac-Man la 1982 huko Marekani, lile la kusimama lililokuwa likila sarafu za senti 25 kwenye baa na maduka ya piza, mara nyingi hununua na tatizo la kioo humohumo. Ndani mna monita ya chogo ya inchi 19 iliyolazwa ubavu. Kwa kawaida ni G07 ya Electrohome, kampuni ya Kanada, au ni ya Wells-Gardner ya Chicago. Imezeeka: picha inacheza, au rangi moja imepotea, au ni giza tupu. Muuzaji atasema, "Toa hilo dude, weka flati." Ushauri huo hutolewa haraka mno, na anayeufuata bila kupiga hesabu huweza kuishia kulipa zaidi na kupata picha mbaya zaidi.

Kabla ya kutoa hata dola moja, fungua mlango wa nyuma uone picha inatoka kwenye bodi gani. Bodi asilia ya gemu za miaka ile hutoa ishara ya picha ya kilohezi 15 hivi, mwendo uleule wa TV za zamani. Monita ya kompyuta huanzia kilohezi 31, kwa hiyo ukiziunganisha moja kwa moja hupati kitu. Lakini kama mwenye kabati aliyetangulia aliweka bodi ya gemu 60 kwa pamoja, ambayo imejaa kwenye makabati ya majumbani, bodi hiyo ina tundu la VGA na flati itawaka mara moja. Ndivyo ilivyo pia kwa kompyuta inayoendesha MAME, programu ya kuiga mashine za gemu iliyoanza 1997. Hapo flati ni rahisi kweli, na sina ubishi nayo.

Ubishi wangu uko kwenye kabati lenye bodi asilia na kioo ambacho bado kinawaka, hata kama picha ni mbovu. Hilo tengeneza kwanza. Magonjwa ya monita hizi yanajulikana na dawa zake ni za bei ndogo. Kapasita za kopo hukauka kwa joto la miaka zaidi ya 40, ndipo kingo za picha zinapojikunja au picha inaposinyaa. Seti nzima ya kapasita mpya kwa ajili ya G07 ni kama dola 15 hadi 25. Flaibeki, yaani transfoma inayoipa tyubu volti kubwa, ambayo kwenye G07 ndiyo mkosaji mkuu monita inapokufa kabisa, ni kama dola 30 hadi 50. Aliyekulia jirani na kibanda cha fundi TV, awe wa Kariakoo, Dar es Salaam, au wa Luthuli Avenue, Nairobi, hakuna jina geni kwake hapo: ni flaibeki ileile, lehemu ileile, vumbi lilelile.

Kuna dalili mbili zinazowafanya watu wazike monita nzima ingali hai. Ya kwanza ni mstari mmoja mwembamba unaong'aa katikati, kwingine kote giza. Tyubu, yaani kioo chenyewe, hapo ni nzima. Kilichoanguka ni sehemu ya chasisi, ile bodi ya umeme ya monita, inayotandaza picha kutoka juu kwenda chini. Kwenye Ms. Pac-Man mstari huo hauonekani umelala, unaonekana umesimama, kwa sababu monita yenyewe imelazwa ubavu, na fundi asiyezoea makabati hupotea hapo. Dalili ya pili ni rangi kutoweka, tuseme nyekundu. Chomoa taratibu ile bodi ndogo iliyovishwa kwenye shingo ya tyubu, uitazame kwa kioo cha kukuzia. Mara nyingi utaona ufa mwembamba wa mviringo ukizunguka pini, pale lehemu ilipoachia. Ukiyeyusha lehemu upya, nyekundu inarudi, na hujanunua chochote.

Sasa hatari, na hili nalisema kwa uzito wote. Tyubu hubeba volti zinazofika 20,000 na zaidi, na huweza kubaki na umeme hata baada ya plagi kuchomolewa. Tena chasisi nyingi za aina hii hazijatengwa na umeme wa ukutani. Zinategemea transfoma iliyofungwa chini ya kabati. Ukiibeba monita hadi mezani na kuichomeka moja kwa moja ukutani, fremu yote ya chuma inaweza kuwa na umeme. Usiyejua kutoa umeme kwenye tyubu, usijifunzie hapo peke yako. Mtafute fundi, au umlipe anayejua akutolee chasisi uitume kwa posta kwa mafundi wanaozitengeneza, tyubu ikibaki kabatini. Kazi hiyo hugharimu takriban dola 100 hadi 150 pamoja na posta.

Ugonjwa mmoja haupoi kwa kapasita. Zima kabati, washa taa ya chumbani, utazame kioo: kama ukuta wa Pac-Man unaonekana umechorwa pale hata bila umeme, utando unaong'aa ndani ya kioo umeungua na hautarudi. Wengine huizoea hali hiyo. Asiyeweza kuizoea atafute tyubu ya TV ya nyumbani ya ukubwa uleule. Huko Marekani TV za chogo hutolewa bure na watu wanaohama, ila lazima pini za shingoni zifanane na koili iliyovishwa shingoni iendane na chasisi. Ni kazi ya fundi mzoefu, lakini inawezekana.

Tuipe flati haki yake. Monita iliyotumika ya inchi 19, ile ya ofisini yenye umbo la karibu mraba, hupatikana kwa dola 20 hadi 40. Konveta ya GBS-8200 ya kupandisha kilohezi 15 kuwa VGA ni dola 20 hadi 35. Weka mbao, nyaya na skrubu, unakaribia dola 80 au 100. Kwa hiyo, ukitengeneza mwenyewe, flati haishindi kapasita na flaibeki kwa bei. Zinalingana, au flati inazidi. Monita za flati zilizotengenezwa mahususi kwa makabati, zinazopokea ishara ya bodi asilia bila konveta, huzidi dola 200.

Na ukinunua, kuna mambo ya kuangalia. Nyingi za inchi 19 ni pikseli 1280 kwa 1024, yaani uwiano wa 5 kwa 4, wakati gemu lilichorwa kwa 4 kwa 3. Dell 2007FP ya inchi 20, yenye pikseli 1600 kwa 1200, ina umbo sahihi. Epuka paneli za TN, aina ya flati ya bei rahisi, kwa gemu la wima: ukiisimamisha, anayesimama upande mmoja huona rangi zimefifia, na Ms. Pac-Man huwa na mtazamaji pembeni anayengoja zamu yake. Jaribu pia kuchomoa waya wa umeme monita ikiwa imewaka, kisha urudishe. Isipowaka yenyewe, itakulazimu kufungua kabati kila unapotaka kucheza.

Halafu kuna mwendo wa picha. Pac-Man huonyesha picha 60.6 kwa sekunde, na Mortal Kombat ya 1992 kama 54.7. Chogo hufuata mwendo wowote wa aina hiyo kinaopewa. Flati nyingi hutaka 60 kamili, ndipo picha inapokatika au kurukaruka. Konveta za bei rahisi huchelewesha picha pia, na mchezaji mzuri huhisi Pac-Man akipitiliza kona. Gemu za bastola za mwanga kama Time Crisis hazitambui kabisa flati ya kawaida. Asteroids ya 1979 huchora kwa mistari na si kwa pikseli, kwa hiyo konveta hizi hazina la kuifanyia.

Hoja ya kuokoa umeme haina nguvu. Chogo cha inchi 19 hula kama wati 80, flati kama 30. Kwa saa mbili kila siku, tofauti ya mwaka ni yuniti 36 hivi, karibu dola sita huko Marekani. Uzito ndio hoja ya kweli: kabati likipanda ghorofani, kupungua kwa kilo kadhaa ni nafuu kubwa mgongoni.

Ukiamua kuweka flati, usitoboe fremu asilia. Monita nyingi zina mashimo manne nyuma yenye umbali wa milimita 100. Funga ubao hapo, na ubao ukae kwenye mbao zilezile zilizokuwa zikishika chogo. Na chogo chenyewe usikitupe jalalani. Kioo chake kina madini ya risasi, na California hairuhusu kabisa kitupwe na taka za kawaida. Viwanda vimeacha kutengeneza tyubu hizi, kwa hiyo yupo anayeitafuta ya kwako hata kama haiwaki. Mpe au muuzie ikiwa na chasisi yake na koili yake shingoni, maana anayeihitaji anavihitaji vyote pamoja.